Spindo Isiyosikia

Maneno haya niliyasema mbele ya mafundi seremala na vijana wa umeme waliokusanyika kwenye karakana moja jijini Dar es Salaam, kuhusu mashine za CNC, zile za kuchonga zinazoongozwa na kompyuta, za kujiundia nyumbani. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka, isipokuwa mahali nilipokatizwa na jenereta ya jirani.

Shikamooni wakubwa zangu. Vijana, hamjambo? Namshukuru mwenyeji wetu aliyetuachia karakana Jumamosi nzima, siku ambayo yeye angekuwa anakata mbao na kuingiza hela. Vumbi mlilokalia ni la mninga, msilipanguse kwa hasira. Hiyo ndiyo ada ya kuingilia.

Nimepewa saa moja. Sitagusa habari za fremu, reli wala skrubu za kusukuma meza, maana humu wamo wanaonizidi. Nimekuja na donda moja tu: spindo, ile mota inayoshika kisu. Unaiambia zunguka 8,000 kwa dakika, inazunguka inavyotaka. Unaiambia 18,000, haishtuki. Au inaitika vizuri asubuhi, mchana inaanza kucheza kama redio yenye betri zilizochoka. Nani humu hajakutana nayo? Mikono naona imebaki chini. Haya, tuko nyumbani.

Nianze na aibu yangu mwenyewe.

Mashine yangu ya kwanza niliiunda uani, chini ya bati. Spindo ya wati 500, ya umeme wa DC, mwisho wake mizunguko 12,000 kwa dakika. Ubongo ulikuwa Arduino Uno, kile kikompyuta cha bodi moja, yenye GRBL, ile programu ya bure ya kuongoza mashine aliyoianzisha Simen Svale Skogsrud mwaka 2009, kisha Sungeun Jeon akaibeba miaka mingi. Kazi ya kwanza ya kulipwa ilikuwa kibao cha mninga chenye jina la mzee mmoja, cha kutundika mlangoni. Kwenye faili nikaandika S8000, yaani mizunguko 8,000. Kisu kikaingia kwenye ubao, kikapiga yowe, moshi ukapanda. Mninga ukiungua harufu yake mwanzoni ni tamu, unaweza kudhani ni udi. Herufi zikatoka nyeusi pembeni kama zimepigwa pasi ya mkaa. Nikashusha, S5000. Yowe lilelile. S2000. Lilelile. S1500. Lilelile.

Nikajisemea bodi ya kuendesha spindo imekufa. Nikaenda Kariakoo, nikanunua nyingine, nikafunga, yowe lilelile. Nikasema basi Arduino imeungua mguu mmoja. Nikanunua nyingine, nikapakia GRBL upya. Lilelile. Wiki tatu zikakatika. Mzee wa kibao alikuwa ananipigia kila Ijumaa baada ya swala, kwa upole kabisa, na upole wa mteja mzee unachoma kuliko matusi.

Mnajua ilikuwa nini? Mstari mmoja wa mpangilio, alama ya dola na 30. Kwenye GRBL toleo la 1.1, $30 ndiyo kasi ya juu kabisa ya spindo yako, na ukiipakia mbichi inakuja imeandikwa 1000. Kwa hiyo mimi nilikuwa nimeiambia mashine kwamba mwisho wa spindo hii ni 1,000, halafu naiomba 8,000. Nayo inajibu: huyu kaomba zaidi ya mwisho, basi mpe mwisho. Naomba 5,000, mpe mwisho. Naomba 1,500, mpe mwisho. Ningeomba 500 hata mara moja tu, spindo ingepungua, nami ningejua siku ileile. Lakini nani anachonga mninga kwa 500? Nikaandika $30=12000, nikabonyeza enta, ikasikia. Na wakati nainunua ile Arduino ya pili na kuipakia upya, nilikuwa nimeirudishia ugonjwa uleule kwa mkono wangu, kwa hela yangu.

Bodi zile mbili ziko kabatini mpaka leo. Nzima kabisa.

Tangu siku hiyo sinunui kitu kabla sijajua amri imepotelea kituo gani. Nasema kituo kwa sababu naiona kama safari ya daladala. Amri inapanda kwenye kompyuta, inapita Arduino, inapita kibodi, yaani bodi ndogo, cha kugeuza mapigo kuwa volti, inapita inveta, ile inayoendesha spindo kwa kubadilisha hezi za umeme, inashuka kwenye spindo. Abiria akipotea njiani hubadilishi basi. Unauliza kituo kimoja baada ya kingine: alionekana hapa? Na chombo cha kuulizia ni mita, hata ile ya njano ya bei ya chini kabisa. Mkitoka hapa na jambo moja tu la kununua, iwe betri mpya ya mita, maana mita yenye betri iliyochoka inadanganya kwa sura ya ukweli.

Sasa tupande basi.

Kompyuta inatuma maandishi tu: M3 S6000. M3 ni washa, S ni kasi. Arduino inachukua 6,000, inailinganisha na ile $30 yako ya 12,000, inaona ni nusu. Lakini mguu wa Arduino haujui kutoa nusu. Unajua volti 5 au sifuri. Basi unawaka na kuzima harakaharaka, nusu ya muda umewaka, nusu umezima. Hayo ndiyo mapigo tunayoyaita PWM. Ni sawa na mtoto anayechezea koki ya bomba, anafungua anafunga, anafungua anafunga, upesi kiasi kwamba ndoo inajaa kama koki iliyofunguliwa nusu. GRBL 1.1 hufanya hivyo karibu mara 980 kwa sekunde. Toleo la 0.9 lilikuwa karibu mara 7,800. Hizo namba mbili ziwekeni mfukoni, nitazidai baadaye.

Uzuri ni kwamba mita ya kawaida ukiiweka kwenye volti za DC inayaona mapigo haya kama wastani. Kwa hiyo kipimo cha kituo cha Arduino ni chepesi mno. Ncha nyeusi kwenye graundi, ncha nyekundu kwenye mguu wa 11, ndiko mapigo ya spindo yanakotokea. Toa spindo umeme kabisa, hatuhitaji izunguke. Kwa mashine yenye $30 ya 12000, andika M3 S12000, usome karibu volti 5. Andika S6000, usome 2.5 hivi. S3000, usome 1.25. Ukizipata hizo tatu, Arduino yako haina kosa, iache, usiipakie kitu upya, usiipulizie. Tatizo liko mbele.

Usipozipata? Hapo kuna mtego ambao umeniletea simu nyingi kuliko mingine yote. Ile bodi ya kupachika juu ya Arduino, CNC Shield, imesambaa kila mahali na maandishi yake yameachwa nyuma na programu. Ilichorwa zama ambazo mguu wa 12 ulikuwa wa kuwasha spindo, na mguu wa 11 ulikuwa wa swichi ya mwisho ya Z, mwendo wa juu na chini. Baadaye GRBL ilipoanza kubadilisha kasi, ikauhitaji mguu wa 11 kwa sababu ndio wenye uwezo wa mapigo, basi ikabadilishana: spindo ikahamia 11, swichi ya Z ikahamia 12. Bodi hazikuchapishwa upya. Kijana anaona pameandikwa SpnEn, yaani washa spindo, anafunga waya wa spindo hapo kwa moyo mweupe, na kasi haifuati amri yake. Mapigo yake yanatokea kwenye pini zilizoandikwa Z. Kijana mmoja nilipomwambia ahamishie waya wa spindo kwenye pini za Z alinyamaza kwenye simu muda mrefu, nadhani alikuwa anajiuliza kama nimeamka vizuri. Chukua kalamu ya wino usiofutika, andika upya majina juu ya bodi yako. Ile rangi nyekundu au bluu ya bodi si msahafu.

Na hapohapo, kabla hatujaondoka kituo hiki: kuna wanaoandika M3 peke yake bila S, wanangoja. GRBL ikiwaka, S yake ni sifuri. Umewasha spindo kwa kasi ya sifuri, nayo imekutii.

Mbele tunakutana na kibodi cha kugeuza mapigo kuwa volti 0 hadi 10. Wenye spindo za DC wengine hamkihitaji, bodi zenu zinapokea mapigo moja kwa moja. Wenye inveta karibu wote mnakihitaji. Ni kidogo kama kiberiti, kina vishikio vya kijani na kisanduku cha bluu chenye skrubu ya shaba juu. Hicho ni cha kurekebisha, na watu wanakigeuza ovyo kama wanatafuta stesheni.

Kirekebishwe hivi. Agiza nusu ya kasi ya juu. Pima volti za kutokea. Zungusha skrubu kwa bisibisi ndogo mpaka mita isome 5.00. Halafu agiza kasi yote, unapaswa kuona 10 au karibu sana. Agiza robo, uone 2.5. Kama nusu iko sawa lakini yote inagota kwenye 8 na kitu, usiendelee kuzungusha skrubu. Nenda kaangalie umeme unaokilisha. Hivi nilivyovikuta mimi vinataka kulishwa volti 12 hadi 30, na ndani yake kuna saketi ya LM358, ambayo haiwezi kutoa volti sawa na inazokula. Inabakiza kama volti moja na nusu tumboni. Rafiki yangu mmoja aliona kwenye inveta yake kuna kishikio cha volti 10, akakilisha kibodi kutoka hapo, akafurahi kuokoa waya. Kikawa kinatoa 8.5 na hapo ndio mwisho. Kwa inveta yake volti 10 ni hezi 400, yaani mizunguko 24,000. Volti 8.5 ni hezi 340, na hezi 340 ni mizunguko 20,400. Miezi mizima alikuwa anawaambia watu spindo yake ya 24,000 ni feki. Tulipokilisha kibodi kutoka kwenye volti 24 za mota za kusukumia meza, feki ikapona.

Sasa toeni zile namba mfukoni. Vibodi hivi vingi vimeandikwa kupokea mapigo 1,000 hadi 3,000 kwa sekunde. Mapigo 980 yanapita, ni jirani. Lakini mtu mwenye GRBL ya zamani ya 0.9 anakipigia 7,800, nacho kinatoa volti za kubahatisha. Ukiona volti hazifuati amri kwa ulinganifu, nusu inatoa 7, robo inatoa 6, ulizia toleo la programu kabla ya kukitupa. Pia kina kidaraja cha plastiki cha kuchagua mapigo ya volti 5 au 24. Kikiwa kwenye 24, mapigo ya Arduino kwake ni mnong'ono.

Lakini kosa ninalolipenda kuliko yote kwenye kituo hiki, ninalipenda kwa sababu ni la kila mtu, ni waya wa graundi. Mtu anafunga waya mmoja tu kutoka mguu wa 11 kwenda kwenye kibodi. Anasema ishara ni moja, waya mmoja unatosha. Volti ni kama kimo. Nikikwambia niko mita 3 juu, utaniuliza, juu ya nini? Kibodi bila graundi ya Arduino hakijui sakafu iko wapi. Kitasoma chochote: leo kasi yote, kesho sifuri, mtu akigusa fremu inabadilika. Waya mbili zitembee pamoja, zimesokotwa, kama watu na ndugu zao.

Mzee hapo nyuma ananyoosha mkono. Ndiyo, mzee wangu. Anauliza, yeye ametumia mota ya mashine ya kukimbilia mazoezini, aliipata kwenye mitumba, je haya yanamhusu? Yanakuhusu mzee, tena nisikilize vizuri. Mota zile ni nzuri, zina nguvu. Lakini baadhi ya bodi zake za kudhibiti hazina utengano wowote kati ya upande wa amri na umeme wa ukutani. Kile unachodhani ni graundi ya kitufe cha kasi kinaweza kuwa na umeme mkuu kamili. Ukikiunga na Arduino, na Arduino imeungwa na laptopu ya mjukuu, umeunganisha mjukuu na nguzo ya mtaani. Lazima pawe na optokapla katikati, kile kidude kinachopitisha ishara kwa mwanga badala ya shaba. Usiiunge kabla hatujaiona mimi na wewe. Nakuomba, mzee.

Tuingie kwenye inveta, na hapa natembea taratibu.

Kwanza heshima. Inveta ya volti 230 ndani yake imehifadhi zaidi ya volti 300 za DC kwenye makapasita, na ukizima swichi hazitoki hapohapo. Zima, chomoa, nenda kanywe chai, dakika 10 zikipita rudi ufungue. Na usichomoe kamwe waya wa spindo wakati inveta inaendesha.

Sasa, inveta za bei nafuu tunazozinunua wengi, zile ambazo mipangilio yake inaanza na herufi PD, zina maswali mawili ambayo watu hudhani ni moja. PD001 inauliza: nani ananiwasha? PD002 inauliza: nani ananipa kasi? Jibu la 0 ni vitufe vya usoni mwake. Jibu la 1 ni waya za nje. Ukiweka PD001 kuwa 1 na PD002 ukaiacha 0, spindo itawaka kwa amri ya kompyuta lakini kasi itabaki ileile iliyoachwa kwenye vitufe. Unaona ilivyo sawa na ugonjwa wangu wa mninga? Dalili moja, kituo kingine kabisa. Ndiyo maana ukinielezea dalili kwa simu bila vipimo, mimi na mpiga ramli tuko sawa.

Halafu PD070 inasema ishara ni ya aina gani, 0 kwa volti 0 hadi 10. PD072 inasema volti 10 ni hezi ngapi. Ikibaki 50, spindo yako ya 24,000 itaishia 3,000 hata upige kelele. Weka 400. Waya wa kasi unaingia kwenye kishikio cha VI na wa sakafu yake ACM. Waya za kuwasha ni FOR na DCM.

Na hii sasa sitatabasamu nikiisema. PD004, hezi za msingi, na PD005, hezi za juu, kwa spindo ya hezi 400 zote ziwe 400. Inveta ikidhani spindo ni mota ya kawaida ya hezi 50, itaipa volti zake zote ikiwa kwenye hezi 50. Spindo ya kasi haina uwezo wa kupokea hivyo. Mkondo unapanda, waya za ndani zinachemka, na utasikia harufu ambayo haifanani na mninga. Angalieni PD004 kabla hata hamjafunga kisu.

Kasi ya chini nayo ina mpaka. Spindo inayopozwa kwa feni iliyo kwenye mhimili wake yenyewe, ikizunguka polepole na feni inapuliza polepole. Mimi PD011, hezi za chini kabisa, naiweka 120, yaani mizunguko 7,200. Anayetaka 2,000 za kutoboa chuma, hii siyo spindo yake.

Kuhusu FOR na DCM, wapo wanaozifunga kwa waya wa kudumu ili spindo iwe imewashwa muda wote na kasi tu ndiyo iamue. Sipendi. Sekunde ambazo Arduino inawaka, mguu wa 11 unaelea hewani, haujui uko juu au chini, kibodi kinaweza kuona chochote, na spindo inashtuka wakati mkono wako uko kwenye kisu. Tia resista ya kiloomu 10 kati ya mguu wa 11 na graundi, iushike chini. Na weka rilei, swichi inayoendeshwa na umeme, ya kuwasha na kuzima peke yake, isiyotegemea waya wa kasi.

Twende kwenye ugonjwa wa mchana, ule wa kucheza.

Mashine yangu ya pili ilikuwa na inveta ya kilowati 2.2. Niliipanga waya zake kwa uzuri hata nikaipiga picha. Waya zote zilipita kwenye mnyororo mmoja wa plastiki, zimefungwa vizuri, hakuna hata moja iliyolegea. Nikaagiza hezi 200. Kwenye uso wa inveta ikasoma 198, 203, 196, 204. Kisu kilikuwa kinaimba kwa sauti ya kupanda na kushuka, na kila baada ya dakika chache kompyuta inapoteza mashine, kazi inakatika katikati ya ua la mlango. Nikalaumu umeme wa mtaa. Nikanunua stebilaiza. Ndiyo, nilinunua tena kitu kabla ya kupima, mtu haponi siku moja.

Kumbe ule unadhifu ndio ulikuwa ugonjwa. Waya wa spindo unabeba umeme uliokatwakatwa maelfu ya mara kwa sekunde, unapiga kelele kama mnada. Waya wa volti 0 hadi 10 nimeufunga nao bega kwa bega, mita mbili nzima. Nikautoa, nikaupitisha upande wa pili wa fremu, na pale zilipolazimika kukutana nikazipitanisha kama msalaba badala ya kuzilaza pamoja. Waya wa spindo nikanunua wa kinga, wenye sweta ya shaba, na sweta ile nikaifunga kwenye ethi upande wa inveta. Hezi zikatulia 200. Kompyuta haikupotea tena. Jaribio la bure ambalo ningelifanya siku ya kwanza ni hili: chomoa chaja ya laptopu, endesha kwa betri. Tatizo likipungua, ujue kelele inazunguka kupitia ethi, na stebilaiza haiwezi kukusaidia.

Dada aliyekaa dirishani ameuliza swali zuri wakati wa chai, nikamwambia nitalijibu mbele ya wote. Spindo yake inakata vizuri, lakini kila kisu kinaponyanyuka kuhamia sehemu nyingine inazima, kikishuka inawaka tena, na ameshavunja visu vitatu. Amebadilisha rilei. Dada, wiki hiyo mlifunga leza ya kuchoma picha kwenye mashine hiyo? Ameitikia. $32 yako iko 1. Hiyo ni hali ya leza, na GRBL ikidhani ni leza inaizima kila kichwa kinaporuka bila kukata, kwa usalama, isichome meza. Kwa leza ni sawa kabisa. Kwa spindo, kisu kinarudi kwenye ubao mota haijashika kasi, kinang'ata na kukatika. Andika $32=0 kila ukirudisha spindo. Na hata kwenye hali ya kawaida, baada ya M3 weka G4 P5 kwenye faili, mashine ingoje sekunde 5. Inveta iliyopangwa kupanda polepole mpe hata 10.

Mwisho kuna swali la kama namba unayoagiza ndiyo inayozunguka kweli. Volti zote zikiwa sawa bado spindo ya DC haiendi kwa mstari ulionyooka, nusu ya volti si lazima iwe nusu ya kasi, na ikibanwa na ubao inashuka. Takometa ya mwanga, yaani kipima mizunguko, na kipande cha utepe unaong'aa vinatosha. Usipokuwa nayo, simu yako ina programu za kupimia sauti, zile za wapiga gitaa. Mizunguko 12,000 kwa dakika ni 200 kwa sekunde, kwa hiyo itafute sauti ya hezi 200 spindo ikizunguka bila kukata. Jihadhari tu, simu mara nyingine inashika mara mbili yake, 400. Andika jedwali kwenye ubao kando ya mashine: niliagiza hivi, nilipata hivi. Langu limechorwa kwa chaki ukutani na mke wangu ameacha kulifuta.

Kwa nini nahangaika na usahihi huo? Kwa sababu ya unene wa kinachokatwa. Kisu chenye makali mawili kikizunguka 18,000 na meza ikienda milimita 1,800 kwa dakika, kila kali linachukua milimita 0.05. Hapo yanatoka maranda. Spindo ikiwa inazunguka 24,000 bila wewe kujua na meza ukaipunguza nusu kwa woga, kila kali linakwangua chini ya milimita 0.02, hakuna maranda, ni unga na moto. Kibao cha yule mzee kiliungua kwa namna hiyohiyo: kasi yote, na mimi mwoga nikiivuta meza taratibu.

Nimeona kijana wa Keko ameleta bodi yake kwenye mfuko wa rambo, amekaa nayo mapajani tangu asubuhi kama mtoto mgonjwa. Njoo mbele. Unga laptopu, usiiwashie spindo umeme. Andika alama ya dola mara mbili, bonyeza enta, halafu geukia wenzio uwasomee mstari wa $30.